Upande wa Kurudisha Sindano

Hivi wewe, umewahi kumsikia mtu akiitikia wimbo ambao hakuna aliyeuanza? Cheka tu. Na siku ile walicheka wengi. Lakini kaa vizuri, usiwe na haraka. Ili uelewe jinsi mwanamke mzima, mwenye sauti ya kumtoa nyoka pangoni, alivyosimama mbele ya watu mia mbili akaitikia hewa, lazima kwanza ujue godoro la usufi linavyoshonwa.

Godoro la usufi halishonwi na mtu mmoja. Likishajazwa na kufungwa mdomo, husimamishwa wima kwenye fremu ya mbao, likawa kama ukuta katikati ya chumba. Fundi husimama upande mmoja na shazia, ile sindano ndefu ya kuzidi shibiri, yenye uzi wa katani. Anaichoma, inazama, inatokeza upande wa pili. Huko kuna mtu anayeipokea, anaivuta mpaka uzi ukaze, anaweka kipande kidogo cha kitambaa ili uzi usikate godoro, kisha anairudisha upana wa kidole gumba kimoja pembeni ya pale ilipotokea. Hawaonani. Kila mmoja anaona godoro tu. Kwa hiyo wanaimba. Anayepeleka sindano anaanza, anayerudisha anaitikia, na kila mmoja anajua kwa sauti ya mwenzake sindano iko wapi na kiganja kiwe wapi. Bila wimbo, siku haipiti bila damu.

Nyumba hiyo ilikuwa ya vyumba viwili, cha mbele kazi na cha nyuma kulala, na walioishi humo walikuwa watatu. Baba alikuwa fundi magodoro. Mama alichambua usufi, akitoa mbegu moja moja na kuzitupa kwenye debe, tik, tik, tik, kitambaa kimefungwa mdomoni na puani. Kwa kuwa kitambaa kilimziba tangu asubuhi, mama huyo alikuwa na deni la maneno kila siku, na wakati wa chai alilipa lote. Na mtoto alikuwa mmoja tu, msichana. Jina la kwenye cheti alikuwa nalo, lakini nyumbani waliliacha kwenye cheti hukohuko. Baba alimwita Mwangwi, kwa sababu tangu hajajua kusema "maji" alikuwa akirudia mwisho wa kila sauti aliyoisikia.

"Nimeolewa na mlima," mama alizoea kusema, akikung'uta usufi kwenye nyusi. "Huku mmoja anapiga kelele, kule mwingine anamrudishia. Mimi katikati natafuta mbegu."

Usufi ulikuwa kila mahali. Ulikuwa kwenye nywele, kwenye ndala, kwenye bakuli la sukari, na ukipiga chafya unatoka mwingine kwapani.

Mwangwi alitimiza miaka saba, baba akamwekea stuli upande wa kurudisha, ambako hapo kabla walisimama vibarua. Hakumfundisha kuimba. Alichoma sindano tu, akaanza:

"Sindano nenda, ukasalimie…"

Na mtoto, ambaye alikuwa ameusikia wimbo huo akiwa bado tumboni, akaitikia:

"Nimefika, hawajambo wote."

"Umemkuta nani mlangoni?"

"Nimemkuta mwenye nyumba, kaketi."

Ukaendelea hivyo, mishono kumi na miwili kwa safu, safu nane kwa godoro. Watu wa mtaani walikuwa wakipita na mabeseni wakasimama mlangoni. Sauti ya fundi walikuwa wameizoea, nzito na pana. Lakini hiyo ya nyuma ya godoro iliwafanya wasahau walikokuwa wakienda. Ilikuwa nyembamba mwanzoni kama uzi wenyewe, halafu inafunguka.

"Nani huyo unayemficha?" waliuliza.

"Simfichi. Anafanya kazi," baba alijibu.

Na kweli hakumficha. Ila hawakumwona. Alikuwa akiimba uso umeelekea turubali la godoro, lenye mistari ya buluu, pua ikiwa karibu kuligusa, na alipomaliza hakuna aliyempigia makofi, kwa sababu godoro halina mikono. Alikua hivyo. Mwingine hukulia mgongoni kwa bibi yake. Huyu alikulia upande wa kurudisha.

Alipokuwa na miaka tisa alirudi kutoka shuleni siku moja na jambo kichwani. Mwalimu alikuwa amewauliza nani ataanzisha wimbo wa darasa, na mtoto mwenye makamasi na sauti ya bawaba kavu ndiye aliyenyoosha mkono. Mwangwi hakunyoosha. Lakini njia nzima alijiambia, leo naanza mimi. Akapanda kwenye stuli. Sindano ilikuwa kwa baba, safu ya tatu, mshono wa nne. Kabla baba hajafungua mdomo, mtoto akatoa kwa nguvu zake zote:

"Sindano nenda, ukasalimie!"

Sasa fikiria mtu aliyesikia maneno hayo yakitoka kinywani mwake mwenyewe miaka yote ya utu uzima wake. Yalipomjia kutoka ng'ambo, mkono wa baba ulishtuka. Akachoma kabla ya wakati wake na pasipo mahali pake. Sindano ikapita godoro, ikapita nyama iliyo chini ya kidole gumba cha mwanawe, ikatokea upande wa pili.

Baba alizunguka fremu mbio. Hakumgombeza. Heri angemgombeza. Aliivuta sindano taratibu, mama akaleta mafuta na kitambaa, na damu ilipopungua baba akachuchumaa mpaka macho yao yakawa sawa.

"Mwanangu," alisema, "mimi nami nilisimama upande wako huo. Baba yangu alikuwa upande wangu huu wa kuanza. Nilihamia huku jioni ya siku niliyomzika. Upande wa kuanza haugawanywi, unarithiwa. Ukiimba maneno yangu mimi nikiwa nimesimama, unanizika. Umenielewa?"

Mzee wa watu alikuwa amepata hofu, na hofu ikikosa maneno huokota yoyote yaliyo karibu. Asubuhi yake alikuwa ameshayasahau. Mtoto hakuyasahau. Alitikisa kichwa kukubali, akayameza yote kama yalivyo, na kovu la mviringo likabaki chini ya kidole gumba kuyalinda.

*

Alikuwa na miaka kumi na tisa alipokuja mtu kununua godoro. Alikuwa mpiga kinanda na ndiye mwenye bendi ndogo iliyokuwa ikipiga kwenye harusi na kwenye ukumbi mmoja kila Jumapili alasiri. Watu walimwita Mzee Kinanda, ingawa hakuwa mzee, alikuwa na upara tu. Siku ya kulichukua alikaa saa nzima kwenye benchi la wateja. Godoro lake lilipokwisha hakulipapasa hata kidogo kuona kama limeshonwa vizuri. Aliuliza:

"Fundi, naweza kuongea na aliye huko nyuma?"

"Ongea naye, ana masikio," mama alidakia, akishusha kitambaa. "Ila ukitaka kumchukua, mchukue na usufi wake."

Akamchukua. Baba aliridhika, kwa sharti moja, kwamba asubuhi aje kurudisha sindano. Katika bendi Mwangwi akawekwa nyuma, pamoja na wanawake wengine wawili, waitikiaji. Kwake ilikuwa kama kuhama chumba kwa chumba. Mbele yake kulikuwa na mgongo wa mwimbaji mkuu, naye akautazama mgongo ule kama alivyotazama godoro. Mwimbaji mkuu alipeleka, yeye alirudisha.

Miaka kumi na moja ikapita hivyo. Waimbaji wakuu walikuja na kuondoka. Mmoja aliolewa, mmoja aligombana, mmoja aliamua kufungua saluni. Kila nafasi ilipobaki wazi, Mzee Kinanda alimgeukia Mwangwi, na kila mara Mwangwi alikuwa na sababu. Mara mafua, mara mazishi ya mtu wa mbali, mara viatu.

"Shoga," mwenzake mmoja alimwambia wakivaa sare, "wewe ukiitikia watu wanageuza shingo kutafuta nani. Mbele kuna nini kinachokutisha? Kuna chui?"

"Hakuna."

"Basi?"

"Basi tu."

Angemwambia nini? Kwamba baba yake bado amesimama?

Tena baba mwenyewe hakusimama sana baada ya hapo. Magodoro ya sponji yalikuwa yameingia, mepesi, yamefungwa kwenye nailoni yenye maua, na hakuna aliyetaka tena kusubiri siku mbili ashonewe la usufi. Kwanza wateja walipungua, halafu wakawa wanaleta ya kukarabati tu, halafu hawakuleta. Na kile kifua alichokuwa akiimbia fundi kikaanza kupiga filimbi. Mama alikuwa amefunga kitambaa miaka yote hiyo. Baba hakufunga, kwa kuwa mtu hawezi kuimba akiwa amezibwa mdomo. Daktari akapiga picha, akaitazama kwenye mwanga, akasema mapafu yameshindiliwa kama foronya, hakuna cha kufanya ila kukaa na mgongo ulioinuliwa. Aliyekuwa akisikika mpaka kwenye kona ya barabara sasa aliomba maji kwa kugonga kikombe kwa kijiko.

Ni wakati huo, si mwingine, Mzee Kinanda alipomjia na neno lake la mwisho. Mwimbaji mkuu alikuwa ameacha. Wenye ukumbi walitaka mtu mpya Jumapili ya tatu kuanzia hapo, la sivyo wangechukua bendi nyingine.

"Sitaki uimbe nyimbo zangu," alimwambia. "Imba ule wa godoro. Nimeutengenezea muziki. Waitikiaji nimeshawafundisha. Wewe anzisha tu."

"Ule ni wa baba."

"Kamwombe. Mwangwi, mimi nimekusubiri miaka kumi na moja. Usipoweza Jumapili hiyo, mwanangu, siwezi tena."

Akaenda kumwomba. Baba alikuwa amekaa kitandani, mito mitatu mgongoni, mama akimkata kucha. Mwangwi alikaa pembeni ya godoro, akaeleza habari za ukumbi, za wimbo, za waitikiaji. Maneno yalimtoka kwa zamu kama watu kwenye foleni. Mwisho akasema, "Nimekuja kuomba ruhusa, baba. Nianze mimi."

Baba alimtazama. Kisha akatabasamu, maana alikuwa mtu wa utani maisha yake yote, na ugonjwa ulikuwa umemwachia huo tu. Akavuta pumzi mara mbili ili apate ya kutosha sentensi moja.

"Ruhusa ya nini? Subiri kidogo tu… mwezi huu au ujao… upande wote utakuwa wako."

Akacheka mpaka akakohoa. Mama alimpiga kofi dogo mguuni. "Koma! Mdomo wako huo, hata kifo kitaona aibu kuingia humu ndani!" Naye akacheka.

Wawili hao walicheka. Mwangwi alishika kidole gumba chake kwa mkono wa pili, akakibana pale penye kovu, wala hakucheka.

*

Jumapili ya tatu ikafika. Ukumbi ulikuwa na madirisha marefu, na jua la saa kumi lilikuwa limelala sakafuni vipande vipande. Viti mia mbili, na vilijaa. Mama alikuwa safu ya pili, gauni lake la kutokea, mkoba mapajani. Alikuwa amemwacha baba na jirani. Mwangwi alitoka amevaa gauni la kijani, akasimama pale alipooneshwa, mbele ya kipaza sauti. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kuimba, mbele yake hakukuwa na godoro wala mgongo. Kulikuwa na nyuso.

Mzee Kinanda akaanza. Muziki wenyewe ulikuwa mzuri. Alikuwa ameuweka ule mdundo wa sindano, kuchoma na kuvuta, kuchoma na kuvuta. Ukafika mahali pa kuingia. Mwangwi akafungua mdomo. "Sindano nenda," maneno mawili tu ya kuanzia. Yalikuwa yamekaa kwenye ulimi. Lakini nyuma ya maneno aliona mito mitatu na kijiko kinagonga kikombe, akasikia, subiri kidogo tu. Akiyatoa, ameshamfunika baba udongo.

Muziki ukapita. Mzee Kinanda, mtu mzoefu, akaurudisha mwanzo kana kwamba ilipangwa hivyo. Ukafika tena. Ukapita tena. Mtu akakohoa nyuma. Mara ya tatu mpiga gitaa aligeuka kumtazama, na hapo ndipo ilipotokea. Mkono wa kulia wa Mwangwi uliinuka wenyewe, kiganja wazi, usawa wa kifua, kama wa mtu anayesubiri kupokea kitu. Akafumba macho. Akasubiri pale pale ambapo baba yake angekuwa anaimba, kimya, urefu uleule. Halafu akaitikia:

"Nimefika, hawajambo wote."

Sauti ilikuwa nzuri, mwenzangu. Sitakudanganya. Waliokuwepo wanasema haikuwahi kuwa nzuri kama siku ile. Lakini ilikuwa inajibu nini? Waitikiaji wawili walitazamana, maana mstari huo ulikuwa wao. Mwangwi akanyamaza, akaacha pengo kubwa, muziki ukipita mtupu. Kisha:

"Nimemkuta mwenye nyumba, kaketi."

"Kakuuliza nani?" kijana mmoja alipaza sauti kutoka nyuma, na ukumbi ukalipuka.

Walicheka bila ubaya, kama wanavyocheka watu waliokuja kustarehe. Wengine walidhani ni kichekesho kilichotungwa, wakapiga makofi. Mama hakucheka. Yeye peke yake ndani ya ukumbi ule alikuwa anasikia mistari iliyokosekana. Alisikia wimbo mzima, na sauti ya mumewe ndani yake ikiwa haipo, akafunika mdomo kwa kiganja kama vile kitambaa kimerudi.

Mzee Kinanda alifunga wimbo kwa upole. Alimshika Mwangwi bega wakishuka, akasema, "Pole, mwanangu." Jumapili iliyofuata kulikuwa na bendi nyingine. Baadaye alisikika kapata mwimbaji mahali pengine, binti mdogo aliyekuja na waitikiaji wake mwenyewe. Mwangwi hakuitwa, naye hakuuliza.

*

Akarudi nyumbani. Asubuhi aliosha vyombo, mchana alimgeuza baba. Mkokoteni wa majirani ulipopita na magodoro ya sponji alitazama pembeni. Hakuimba, hata jikoni. Mama alivumilia wiki tatu. Wiki ya nne akashika kiuno.

"Godoro la baba yako limefanya shimo katikati. Mgongo wake unaniambia usiku kucha. Litoeni mlishone, kabla sijalitupa nikawalaza kwenye nailoni."

Wakamhamishia baba kwenye kiti. Mwangwi na mama wakalifumua godoro, wakauanika usufi, wakauchambua upya, wakaurudisha, wakalisimamisha kwenye fremu ileile. Chumba cha mbele hakikuwa kimenukia usufi kwa miaka miwili. Baba akataka asogezwe. Akataka shazia. Mwangwi, kwa mazoea, alishazunguka kwenda upande wake wa siku zote, akaweka kiganja.

Sindano haikuja. Alisubiri. Alisikia filimbi ya kifua na turubali likikwaruzwa. Baba alikuwa anasukuma kwa mikono yote miwili na ncha haikuzama hata nusu.

"Jamani, hesabu gani hiyo?" mama alisema kutoka kwenye debe lake. "Kuchoma kunataka nguvu. Kupokea hata mzee anaweza. Badilishaneni."

Kisha baba akaachia sindano, ikaning'inia kwenye uzi. Wakakivuta kiti chake kuzunguka fremu. Na Mwangwi, miaka thelathini, akasimama upande ambao hakuwahi kusimama. Ulikuwa sawasawa na ule mwingine. Turubali lilelile, mistari ileile ya buluu. Sakafuni tu kulikuwa na tofauti, kwani saruji ilikuwa imechimbika mahali pawili, kwa nyayo za baba, na bila shaka kwa za babu chini yake.

Akachoma. Sindano ikazama. Upande wa pili ikapokelewa, polepole, na baada ya muda mrefu ikarudi, imekwenda upande kidogo. Akachoma tena. Ikarudi. Hakuna aliyeimba. Walikuwa wanashona kimya, kwa kusikilizana pumzi, na mama aliacha kutupa mbegu ili asiwasumbue.

Kwenye mshono wa nne sindano haikurudi.

"Baba?"

"Nipo." Sauti ilitoka chini, usawa wa kiti, kavu kama karatasi. "Mama yako… kaniambia ya ukumbini. Juzi tu ndiyo kaniambia." Akapumzika. "Kuitikia watu wasiokuwepo… Nani alikufundisha hivyo?"

Mwangwi alikuwa anatazama kovu lake.

"Nimelikumbuka lile neno la siku ya sindano," baba akaendelea, "uliponichanganya… nilikuwa na hofu tu, mwanangu. Mtu na hofu yake. Wewe ukalibeba lote hilo?"

"Nililibeba."

Mama alishusha kitambaa, kisha akakipandisha tena. Nje mtu alipita akiburuta ndala. Kifua kikapiga filimbi, kikatulia, kikapiga tena, na ilikuwa wazi kwa wote watatu kwamba ndani yake hamkuwa na pumzi ya mstari hata mmoja wa wimbo, wala haingerudi.

"Maisha yote," baba alisema, "sikukuuliza. Ulikuwa unataka nini?"

Mwangwi aliegemeza paji la uso kwenye godoro. Usufi ulikuwa bado na joto la jua.

"Nilitaka nianze mimi, baba," alisema. "Nianze mimi ukiwa hai. Halafu wewe uniitikie."